Mzaha Katika Barua ya Biashara

Barua ya biashara ni ahadi iliyovikwa maneno. Maneno hayo yakiwa ya mzaha, ni nani astahiliye kubeba hasara ya kutoelewana: aliyeandika au aliyesoma?

Tutazame Musoma, ambako minofu ya sangara imetayarishwa kwa masoko ya Ulaya, na Bunda, nchi ya wakulima wa pamba. Mazao ya namna hii husafiri pamoja na barua za Kiingereza. Yamkini mnunuzi akamwandikia karani kwamba mpira sasa umo uwanjani mwake. Maana yake ni kuwa zamu ya kujibu ni ya karani. Kiingereza cha darasani hakifundishi michezo hiyo. Wala wenye lugha wenyewe hawaelewani daima. Kuweka jambo mezani, kwa Mwingereza, ni kuanza kulijadili. Kwa Mmarekani, ni kuliahirisha. Winston Churchill alisimulia jinsi neno hilo lilivyozusha ubishi mrefu, wakati wa Vita Kuu ya Pili, baina ya wakuu waliokuwa wakitaka jambo lile lile.

Hatari ya mzaha katika mapatano si ngeni. Mzaliwa wa Butiama, Julius Nyerere, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969. Humo Shylock akopesha dukati 3,000 kwa miezi 3, na kama kwa mzaha ataka ratili ya nyama ya mwili iwe dhamana. Antonio atia sahihi. Siku ya malipo ilipopita, mzaha uligeuka dai mbele ya hakimu.

Watu watasema kwamba aingiaye katika biashara na ajifunze lugha yake. Ni kweli, na kuuliza si ujinga. Lakini karani aulizaye huhofu kudharauliwa na kumpoteza mnunuzi. Mwandishi aandikaye wazi hapotezi kitu. Wajibu, basi, umwelemee zaidi yule ambaye kuutimiza kwake ni kwepesi.

Wala sisi tusijitakase. Aombaye chai ofisini aghalabu hana kiu. Amechagua neno ambalo kesho aweza kulikana. Mnunuzi alikosa kwa kutofikiri, huyu amekosa kwa kukusudia. Dawa yao ni moja: kusema jambo kwa jina lake, hata asiye na nguvu aweze kulijibu.