Hiari ya Mnunuzi

Kuuza ni kazi ya heshima, na kununua ni hiari. Mtu aingiaye British Museum, London, hatozwi kiingilio. Hulitazama Jiwe la Rosetta, lililoanza kuonyeshwa humo 1802, kisha hulikuta tena dukani, limechapwa juu ya vikombe na mifuko. Biashara hiyo ni halali, maana faida yake huyasaidia makumbusho.

Lakini katika maduka mengi ya zawadi, kalamu na sumaku zenye nembo hupangwa kando ya meza ya malipo, ambapo mkoba umekwisha funguliwa na mtoto amechoka kungoja. Je, huko ni kuuza au ni kuvizia? Muuzaji hakusema uongo. Bei imeandikwa wazi. Walakini mahali napo hunena, nako hunena na tamaa, si na akili. Hiari iliyoshtukizwa ni nusu ya hiari.

Sheria ya England iliyoanza Oktoba 2022 ilikataza maduka makubwa kuweka peremende karibu na malipo. Sheria hiyo ni ya chakula, kalamu haizigusi. Basi hapo muuzaji ameachiwa mizani ya dhamiri yake: auze kwa ghafula kile tu ambacho mnunuzi, akikitazama kesho, hatajuta kukinunua.