Kosa la Taa, Hatia ya Kutu

Magari ya kale ya Kiingereza yana kioja kimoja ambacho mafundi waya wanakijua vyema. Dereva anakanyaga breki. Badala ya taa nyekundu za nyuma kuwaka sawasawa, moja inafifia, na ile ya kuonyesha kona, ambayo hapana aliyeigusa, inamulika kidogo kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mwenye gari ataapa kuwa balbu imekufa au swichi ya breki imeharibika. Vyote viwili vi vizima. Pale kikombe cha taa kinapogusana na bodi pameingia kutu, na umeme, ulionyimwa njia yake ya kurejea kwenye betri, umepita uani kwa jirani.

Swali ninalotaka kulipima hapa ni la kale kuliko motokaa: je, yule ambaye kosa limeonekana kwake ndiye mwenye hatia?

Tuichukue Morris Minor, iliyotoka kiwandani mwaka 1948 na kuwa gari la kwanza la Kiingereza kutimiza idadi ya milioni moja. Gari hili, kama mengi ya wakati wake, halikupewa waya wa kurudishia umeme kwa kila kifaa hadi kwenye betri. Chuma cha bodi ndicho njia ya wote. Mafundi huiita ethi. Kila taa inaitegemea na hapana anayeikumbuka, mpaka siku inapokatika. Tena katika Morris hiyo ni ncha chanya ya betri iliyofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo, na asiyelijua hilo akitia redio ya kisasa huenda akaiunguza papo hapo. Hapo sioni mkosaji kati ya redio na gari. Kila kimoja kilifuata sheria yake kwa uaminifu.

Lakini nirudi kwenye hatia. Fundi mwenye haraka huweka kipima volti kwenye waya, akaona 12, akasema umeme upo, basi taa ndiyo mbovu. Kipimo hakikusema uongo. Waya uliooza ndani ya ganda lake, ukabakiwa na uzi mmoja wa shaba, utaonyesha volti 12 kamili maadamu haujabebeshwa kitu. Utawasha hata kibalbu cha kupimia. Ubebeshe taa kubwa ya mbele, uone unavyoishiwa nguvu. Ndiyo maana fundi mzuri hupima taa ikiwa imewashwa: mguu mmoja wa kipima kwenye kikombe cha taa, wa pili kwenye ncha ya betri iliyofungwa bodini. Hapo kipima kinapaswa kusoma karibu na sifuri. Kikisoma nusu volti au zaidi, njia ya kurudia ina maradhi. Nadhani sisi binadamu tungehukumiana kwa haki zaidi kama tungepimana hivyo, lakini hayo si ya fundi.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu si uzembe tena bali ni dhambi. Morris ile ilikuwa na fyuzi mbili tu. Fyuzi ikikatika inatoa ushahidi, na gharama ya ushahidi wake ni uhai wake wenyewe. Wapo wanaoizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili gari liendelee. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi, na tangu saa ile waya wenyewe ndio umekuwa fyuzi, chini ya zulia, karibu na petroli. Kisha gari linauzwa. Muuzaji hakutamka neno hata moja la uongo, alinyamaza tu. Mimi naona amedanganya.

Waingereza wenyewe walipata pa kumalizia hasira zao. Vifaa vingi vya umeme vya magari hayo vilitoka kwa Lucas wa Birmingham, kampuni ambayo taa yake ya baiskeli iliitwa Mfalme wa Barabara. Wenye mzaha wakambandika Joseph Lucas, aliyekufa mwaka 1902, jina la Mwana wa Mfalme wa Giza. Mzaha mtamu, ila haki yake ni ndogo. Nyaya zilizokaa miaka sitini katika mvua, au katika upepo wa chumvi kama huu wetu wa pwani, zikakatwa na kuungwa na mikono kumi, haziwezi kumtwisha marehemu mzigo wote. Na taa kufifia gari linaposimama likinguruma taratibu aghalabu si ugonjwa kabisa: dainamo ya zamani haizalishi vya kutosha injini inapozunguka polepole. Hiyo ni tabia.

Sasa malipo. Fundi amehangaika saa nne, akakwangua kutu penye upana wa ukucha, akakaza skrubu. Mwenye gari anauliza, "Ndiyo umefanya nini?" Angalibadilishiwa balbu, swichi na dainamo, vyote vizima, angalilipa bila kunung'unika, maana angaliondoka na maboksi matupu mkononi. Mimi ningemlipa fundi huyu saa zake zote nne, na swichi mpya iliyokwisha kununuliwa ningeirudisha dukani.