Sauti Iliyonyoshwa: Ni Kweli au Ni Ghushi?

Tumeletewa suala na vijana wetu wa Pwani wanaosoma Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, ambako chuo kikuu kilipewa hati yake mwaka 2015. Baadhi yao hujifunza kurekodi kasida katika studio. Fundi huwaambia: "Imba tu, ikipotoka tutainyosha." Na kweli huinyosha. Wao wauliza: je, sauti hiyo ni yetu, au tunawadanganya wanaoisikiliza?

Suala hili ni zuri. Hukumu ya ala za muziki ina mlango wake, wala hatuufungui leo. Twasema juu ya ukweli wa sauti peke yake.

Kwanza yafaa msomaji ajue yanayofanywa huko. Mwimbaji husimama katika chumba kilichozungushiwa vitambaa vizito au sponji, ili sauti isirudi ukutani. Mdomo wake huwa mbali na maikrofoni kiasi cha shubiri moja, na katikati huwekwa kitambaa chepesi cha kuzuia kishindo cha pumzi katika herufi kama P na B. Huimba ubeti mara tatu au nne, kisha fundi huchagua vipande vilivyo bora, akaviunga vikawa kimoja. Tena iko programu iitwayo Auto-Tune, iliyotolewa mwaka 1997 na Andy Hildebrand, mhandisi wa Marekani ambaye kabla ya hapo alishughulika na mawimbi ya kutafutia mafuta ardhini. Hiyo huipandisha sauti iliyoshuka na kuishusha iliyopanda, hata asiyejua kuimba akasikika kuwa ajua.

Wazee wetu hawakuwa na haya. Siti binti Saad alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, upande mmoja wa sahani ulichukua kiasi cha dakika tatu, na sauti ilichorwa papo hapo juu ya nta. Aliyekosea hakuwa na la kukata wala la kuunga. Nta ile iliachwa, akaanza upya.

Huenda mtu akasema: basi ukweli ulikuwa zamani, na kila kiungo ni uwongo. Twasema: sivyo. Mwaka 1961 ilitolewa Misri Qur'ani nzima iliyorekodiwa kwa kisomo cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary. Katika kazi kama hiyo, msomaji akiteleza katika aya, kuliacha kosa hilo ndiko khiyana. Kuirudia aya na kuliondoa ndiko kutekeleza amana. Mwandishi naye hufuta neno akaandika jingine, wala hatumwiti mwongo. Kusahihisha, basi, si ghushi.

Ghushi ni nini? Tutazame gunia la mahindi, ambalo watu wa Bungoma na Kitale walijua vyema. Mkulima akiyaanika mahindi yake, akayapepeta, akaondoa mawe na mabovu, amefanya wema, na mnunuzi hupata kile alichokiona. Lakini akitia makavu juu na mabichi chini, amedanganya. Mtume wetu (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la nafaka akakuta umajimaji chini yake, alimlaumu muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Wakulima wote wawili wameligusa gunia. Tofauti yao ni lile wanalomwaminisha mnunuzi.

Na sauti ni vivyo hivyo. Kijana akiondoa kikohozi, au kishindo cha mvua juu ya mabati, au neno lililomteleza naye aliweza, huyo amepepeta. Ama asiyeweza kabisa, akatoa sauti iliyonyoshwa ili aalikwe harusini kwa malipo, au aaminiwe kuwafundisha watoto kisomo, huyo ameficha mabichi chini. Na ikiwa kila msikilizaji ajua kuwa sauti ile imechezewa na mashine kwa kupambwa tu, hapo hapana aliyedanganywa.

Lakini twaona liko dhara jingine, nalo lampata mwanafunzi mwenyewe. Sauti hujengwa kwa pumzi na kwa sikio. Anayenyoshewa kabla hajalisikia kosa lake hapati sikio la kulijua. Chuoni, mwalimu humsimamisha mtoto pale alipokosea, akamrudisha mpaka aweze. Hamsomei yeye kisha akasema mtoto amehitimu.

Kwa hiyo twawanasihi vijana wetu: mwambieni fundi awasikizishe kwanza sauti yenu kama ilivyotoka, bila kuguswa. Itakuwa chungu. Irudieni hata ile mashine isiwe na kazi kubwa, ndipo mwache apepete. Na kabla ya kumpa mtu sauti hiyo, jiulizeni: akituita kesho tusimame mbele yake bila mashine, tutakwenda au tutatafuta udhuru? Jawabu la suala lenu limo humo.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.