Si Kila Kosa Ni Dhambi, na Si Kila Dhambi Ni "Kosa Tu"

Maandiko: Waamuzi 12:5–6, Kumbukumbu la Torati 25:13–16, Hesabu 15:27–31



Wapendwa, kuna neno moja la Kiswahili ambalo tumelibebesha mzigo mzito: kosa. Mwanafunzi akiandika "kitabu yangu", mwalimu anasema ni kosa. Mizani ya duka ikizidisha gramu kumi, ni kosa. Mshtakiwa akisimama kizimbani, anasomewa makosa. Na usiku tukipiga magoti, tunamwomba Baba atusamehe makosa. Neno ni lile lile, lakini mambo si yale yale. Shida inaanza pale tunapochukua hukumu ya kosa moja na kuipeleka kwa lingine. Leo nataka tuyatenganishe.

Kwanza, kosa la ulimi. Wagileadi walishika vivuko vya Yordani. Mtu akija na kukana kwamba yeye ni Mwefraimu, aliambiwa atamke neno moja: Shibolethi. Wenzetu wa Efraimu ulimi wao haukuweza "sh". Wakasema Sibolethi, wakauawa hapo hapo. Biblia inasema walioanguka wakati huo ni 42,000. Hebu fikiria, mtu anakufa kwa sababu ya herufi!

Sisi Wakenya tunaita kushrab, na tunacheka. Lakini tusisahau kwamba mwanzoni mwa 2008, katika barabara za nchi hii, watu walisimamishwa na kuulizwa kitambulisho ili ijulikane ni wa kabila gani. Shibolethi haijazeeka, ndugu zangu. Huanza kwa kicheko.

Na kosa la lugha ni kosa la mapatano. Mzee wa Lamu akisema "mato", mwalimu wa Nairobi huenda akamwekea alama nyekundu kwa kuwa yeye anasema "macho". Lakini mashairi ya kale ya pwani yanasema vivyo hivyo, "mato"! Nani amekosea? Kwa hiyo mama akisimama kusoma Neno na "r" yake ikageuka "l", Mungu hajakosewa. Aliyemcheka mpaka mama yule akaapa hatasoma tena, huyo ndiye mwenye kesi.

Pili, kosa la kipimo. Serikali yetu ina sheria ya mizani na vipimo, Sura 513. Mkaguzi anakuja, anaweka jiwe lake la kilo la kweli juu ya mizani yako, anaangalia, kisha anapiga muhuri. Wataalamu wenyewe wanakubali kwamba hakuna mizani ya mwanadamu isiyo na kasoro kidogo, ndiyo maana kuna kiasi kinachovumiliwa. Lakini wanatofautisha kasoro za aina mbili. Kuna ile inayoyumba, leo juu, kesho chini. Hiyo ukipima mara nyingi na kutafuta wastani, inapungua. Halafu kuna ile inayoinamia upande mmoja kila siku. Hiyo hata ukipima mara elfu haitoki. Dawa yake ni moja tu: mizani iletwe mbele ya jiwe la kweli irekebishwe.

Sasa sikiliza vizuri. Mwenye gorogoro aliyebonyeza kitako cha mkebe ili mahindi yaingie machache, huyo hana kasoro ya kipimo. Huyo ni mwizi mwenye mkebe. Torati ilikataza kuwa na mawe mawili katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Kwa nini mtu awe na mawili? Kubwa la kununulia, dogo la kuuzia!

Basi nakupa kipimo cha kujipimia: *makosa yako huangukia upande gani?* Chenji ikikosewa dukani kwako, mbona kila mara duka ndilo linalopata? Hesabu za chama zikikosewa, mbona kila mara pungufu ni la wanachama na nyongeza ni ya mweka hazina? Kosa la kweli huumiza pande zote mbili. Kosa linalokulipa kila mwezi lina jina lingine, na wewe unalijua.

Tatu, kosa la sheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, Sura 63, ina vifungu viwili vya kutufundisha. Kifungu cha 10 kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu aliyeamini jambo kwa unyofu na kwa sababu ya maana, hata kama aliamini visivyo, ahukumiwe kana kwamba mambo yalikuwa vile alivyoamini. Ukitoka ibadani umebeba mwavuli mweusi unaofanana na wako, wewe si mwizi. Lakini kifungu cha 7 kinasema kutojua sheria hakukuondolei hatia. Huwezi kumwambia hakimu, "Sikujua kuiba kumekatazwa."

Torati ilitangulia yote hayo. Aliyeua bila kukusudia, shoka likichomoka kwenye mpini, alitengewa miji sita ya kukimbilia. Aliyekosa bila kujua alileta mbuzi jike wa mwaka mmoja. Lakini Walawi 5:17 inasema hata asiyejua ana hatia. Tena Hesabu 15 inasema anayetenda kwa makusudi, kwa mkono ulioinuliwa, huyo amemtukana Bwana mwenyewe, akatiliwe mbali na watu wake. Hapo mbuzi hatajwi!

Mnaona tunavyochanganya? Wa kushrab tunamhukumu kama mhalifu. Wa kubonyeza gorogoro tunamwita mjanja. Na aliyepanga dhambi yake kwa wiki tatu anakuja kusema, "Pasta, nilikosea tu, mimi ni binadamu." Daudi hakusema hivyo. Nabii Nathani alipomkabili juu ya mke wa Uria, alikiri kwamba amemtenda Bwana dhambi. Hakuita uzinzi hitilafu. Na alisamehewa siku ile ile.

Waamuzi 20:16 inataja Wabenyamini 700 wa mkono wa kushoto, waliotupa jiwe kwa teo kulenga unywele wasikose. Kitenzi cha Kiebrania kilichotumika pale ndicho hicho kinachotumika kwa kutenda dhambi. Na Kiswahili chetu kinajua hilo: kosa ni kukosa shabaha. Shabaha yetu ni Kristo, naye ndiye jiwe la kweli. Yeye hakuja kuvumilia gramu zetu za ziada, alikuja kuirekebisha mizani. Na pale ambapo Hesabu 15 haikutaja mbuzi, Kalvari ilitoa Mwana-Kondoo. Lakini 1 Yohana 1:9 inaanza na kuungama, na huwezi kuungama dhambi uliyoipa jina la bahati mbaya.

Wiki hii, fanya mambo matatu. Uliyemcheka kwa matamshi, mtafute, umwombe asome nawe. Uliyempunja, mrudishie kilichopungua, kwa kipimo, si kwa pole. Na dhambi uliyoiita kosa, mbele za Mungu iite kwa jina lake.

Tuombe: Bwana, tupe upole kwa ulimi wa jirani na ukali kwa mizani yetu wenyewe. Tuoneshe upande tunaoinamia, uturekebishe kwa Neno lako. Katika jina la Yesu, Amina.