Jumatano: Ndoto Ambayo Mfalme Hakuitaja

Soma Danieli 2:1–13. Kwa nini mfalme alikataa kuwasimulia wenye hekima ndoto yake?

Wasomaji wengi humwona Nebukadreza katika sura hii kuwa mfalme katili tu, na kweli amri yake ya kuua haiwezi kutetewa. Lakini dai lake lilikuwa la akili. Waganga na wachawi wa Babeli waliomba waambiwe ndoto kwanza, ndipo watoe tafsiri. Mfalme akauona mtego. Mtu akishaambiwa ndoto anaweza kutunga tafsiri yoyote, na hakuna wa kumbishia. Kwa hiyo akaweka kipimo ambacho maneno matamu yasingeweza kukikwepa: waitaje ndoto yenyewe, naye atajua kwamba tafsiri yao pia ni ya kweli (fungu la 9). Hapo Wakaldayo wakakiri kwamba hakuna mwanadamu duniani awezaye kulifanya jambo hilo. Chakula cha ikulu walikuwa wamekila siku zote.

Mwaka 1986 kipimo cha namna hiyo kilihitajika nchini Marekani. Mhubiri Peter Popoff alikuwa akijaza kumbi kubwa. Alipita katikati ya watu, akawaita wageni kwa majina, akataja magonjwa yao na hata anwani za nyumba zao, akisema kwamba Mungu ndiye aliyemfunulia. Watu walilia kwa furaha. Wagonjwa walihimizwa kutupa dawa zao jukwaani, na wengine wakazitupa.

James Randi, mfanya mazingaombwe aliyezaliwa Kanada, alijiuliza swali la kawaida kabisa: habari hizi zinamfikiaje? Yeye na wenzake waligundua kwamba mhubiri alikuwa na kifaa kidogo sikioni. Mmoja wao akaingia ukumbini na chombo cha kunasa mawimbi ya redio, akakizungusha mpaka megahezi 39.17. Sauti iliyosikika hapo ilikuwa ya mke wa mhubiri. Kabla ya ibada, watu walikuwa wamezungumza na wasaidizi na kujaza kadi za maombi. Sasa mama huyo alikuwa akimsomea mumewe yaliyoandikwa. Kanda hiyo ilirushwa katika kipindi cha televisheni cha Johnny Carson. Mwaka uliofuata Popoff alitangaza kufilisika, ingawa baadaye alirudi tena kwenye televisheni na akapata wafuasi.

Randi hakumwamini Mungu. Inasikitisha kwamba kazi waliyopaswa kuifanya wazee wa kanisa ilifanywa na mtu wa mazingaombwe. Tangu mwaka 1964 alikuwa ameahidi zawadi ya fedha, iliyoanzia dola 1,000 na kufikia dola milioni moja, kwa yeyote atakayeonyesha nguvu zipitazo za kibinadamu katika jaribio ambalo masharti yake yamekubaliwa na pande zote mbili mapema. Wengi waliomba kujaribiwa. Mpaka zawadi hiyo ilipofungwa mwaka 2015, hakuna aliyeichukua.

Soma Ufunuo 2:2 na 1 Yohana 4:1. Linganisha na Kumbukumbu la Torati 6:16. Kuna tofauti gani kati ya kumjaribu Mungu na kumjaribu mtu anayesema ametumwa na Mungu?

Fungu la Kumbukumbu la Torati hutumiwa mara nyingi kumnyamazisha anayeuliza. Lakini Israeli kule Masa walimtilia shaka Bwana aliyekwisha kuwavusha bahari. Waefeso walifanya jambo jingine: waliwapima watu waliojiita mitume, wakawaona kuwa waongo, na Yesu akawasifu kwa hilo. Mgonjwa aliyetupa dawa zake hakupungukiwa na imani. Alikosa ndugu mmoja wa kumuuliza mhubiri, bila woga, majina hayo ameyapata wapi.

Hata hivyo, kipimo cha Randi kina mpaka wake. Kinaweza kuonyesha hila, lakini hakiwezi kusema la kufanya siku ambayo hila haikuonekana. Musa aliliona hilo mapema (Kumbukumbu la Torati 13:1–3). Nabii akitoa ishara, na ishara ikatokea kweli, bado swali linabaki: anawapeleka watu kwa nani? Wachawi wa Farao nao walifanya mambo mbele ya watu. Kwa hiyo Mkristo ana maswali mawili, wala la pili halifuti la kwanza. Je, jambo hili limetendeka kweli? Na kama limetendeka, linapatana na sheria na ushuhuda (Isaya 8:20)?

Soma Danieli 2:14–30.

Danieli hakulalamika kwamba kipimo cha mfalme ni kigumu mno. Hakuomba adokezwe hata kipande cha ndoto. Aliomba muda tu, akaenda nyumbani kwake, akawaeleza wenzake watatu, wakamsihi Mungu wa mbinguni. Aliporudi akiwa na jibu, alianza kwa kukubaliana na Wakaldayo: kweli, hakuna mwenye hekima awezaye. Akamwambia mfalme waziwazi kwamba siri hiyo hakufunuliwa kwa kuwa ana hekima kuliko watu wengine walio hai. Ndipo akaitaja sanamu, kutoka kichwa cha dhahabu mpaka nyayo za chuma na udongo.

Katika kanisa lako, mshiriki akiuliza mbele ya watu jinsi mhubiri mgeni alivyoyajua majina ya wagonjwa, je, atajibiwa, au ataambiwa akae chini?