Agano Lililoandikwa na Agano Lililoshikwa



Wapenzi wakatekumeni wa Kyavinyonge na vijiji vya jirani, wavuvi wawili wamegombania wavu. Wazee wawapatanisha, nao wapeana mikono mbele ya watu wote. Lakini usiku mmoja wao aingia mtumbwini kimya, akakate nyavu za mwenzake. Je, kosa ni la mapatano? Hasha! Kosa ni la moyo uliobaki na uchungu.

Wengi wasema: «Mikataba ni karatasi tu.» Hawasemi bure. Tarehe 10 Julai 1999, huko Lusaka, mkataba wa kusimamisha vita vya Kongo ulitiwa sahihi, vita vikaendelea. Tarehe 23 Machi 2009, mjini Goma, serikali na kundi la CNDP waliahidiana amani. Mwaka 2012 baadhi ya watu wa kundi lile walidai ahadi haikutimizwa, wakashika silaha, wakajiita M23, yaani kwa jina la siku ile ile ya mapatano. Siku ya amani ikawa jina la vita! Tarehe 4 Agosti 2024 silaha zilipaswa kunyamaza tena. Januari 2025 Goma ikatekwa.

Basi, tutupe mikataba yote? La. Tarehe 6 Septemba 2002, huko Luanda, Kongo na Uganda, nchi mbili zinazogawana ziwa letu, zilipatana majeshi ya Uganda yarudi kwao. Mwaka 2003 yakaondoka. Mateso yote hayakuisha, lakini neno hilo lilitimizwa.

Sikilizeni Maandiko Matakatifu. Wagibeoni walimjia Yoshua kwa hila, wamebeba mikate mikavu, wakijifanya watu wa mbali. Yoshua akafanya agano nao, na wakuu wakaapa kwa jina la Bwana. Baada ya siku tatu hila ilijulikana. Watu wakanung'unika, lakini wakuu hawakuwaua, kwa kuwa walikwisha kuapa mbele ya Mungu. Miaka mingi ikapita, mfalme Sauli akavunja kiapo kile na kuwaua Wagibeoni. Siku za Daudi njaa ikaingia nchini miaka mitatu. Aliyevunja agano ni mmoja. Walioumia ni wengi.

Tutofautishe basi mambo matatu. Kusimamisha vita ni kunyamazisha bunduki. Mkataba ni kuahidiana. Amani ni kushika ahadi kwa haki na kwa moyo uliotubu. La kwanza bila la tatu ni mapumziko ya vita tu.

Nanyi mwajitayarisha kufanya agano. Siku ya Ubatizo mtamkataa Shetani na kazi zake zote. Najua wako kati yenu waliofiwa na ndugu kwa panga na bunduki. Kusamehe si kusema uovu haukutendeka. Aliyeua na aliyeiba wapaswa kutubu na kulipa. Kusamehe ni kukataa kisasi, na kumwachia Mungu hukumu ya mioyo. Neno hili ni zito kuliko wavu uliojaa samaki. Hatuliwezi bila neema. Kwa hiyo twaomba kila siku.

Maswali ya kujiuliza nyumbani:
1. Nimemwahidi nani amani, nami sijaitimiza?
2. Nimebaki na kisasi gani moyoni?

Maria, Malkia wa Amani, utuombee.