Hukumu Isiyosomeka Damuni

Husemwa matangani, Dodoma mjini na Mvumi vilevile, kwamba fulani aliishi na virusi vya UKIMWI miaka mingi kwa kuwa alikuwa mcha Mungu, na fulani alichukuliwa upesi kwa mwenendo wake. Na maneno hayo, ijapokuwa hutoka vinywani mwa watu wema, yamebeba itikadi nzito kuliko wasemaji wanavyodhani, yaani kwamba damu ya mtu ni daftari la matendo yake.

Utafiti uliofanywa Mbeya miongoni mwa wanawake wahudumu wa baa, ukachapishwa mwaka 2007, ulidhihirisha kwamba wale ambao seli zao za T, yaani askari wa kinga ya mwili, zilitambua vipande vingi vya Gag, protini iundayo kiini cha kirusi, aghalabu ndio waliokuwa na virusi vichache bila ya dawa. Kirusi hujigeuza daima ili kuzikwepa seli zinazokiwinda, lakini mahali hapo ndani ya Gag mara nyingi hakiwezi kujigeuza pasipo kujidhoofisha chenyewe. Na nani humjaalia mtu seli zenye kupaona? Kwa sehemu kubwa ni vinasaba vya kinga viitwavyo HLA, kama vile B57, alivyorithi kwa wazazi kabla hajatenda jema wala ovu. (Nao walikuwa wahudumu wa baa, ambao wasengenyaji wetu wa matangani wangewahesabu wa kwanza kuangamia.)

Aliyelemewa na kirusi naye atendewe insafu. Seli za T zikikabiliwa na adui asiyeondoka, miaka nenda miaka rudi, hujaa alama iitwayo PD-1, zikapoa, zisizaliane wala kuua kama mwanzo. Na kizuizi hicho ni sehemu ya maumbile yetu, kimewekwa ili kinga isiudhuru mwili inaoulinda.

Atauliza mtu wa takdiri: kama ni majaaliwa, vidonge vya nini? Wanaojimudu bila dawa hawafiki mmoja katika mia, nao pia miili yao huungua kwa uvimbe wa ndani. Ilhali kwa wengi wanaoishi nacho kirusi hulala ndani ya seli za kumbukumbu, na dawa ikiachwa huamka baada ya majuma machache tu, kama ilivyoweza kuwatokea wale waliokunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500 huko Samunge, Loliondo, mwaka 2011, kisha wakaacha dawa za kufubaza virusi ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kwa hiyo mchungaji wa Mvumi, au shekhe wa Dodoma, akiletewa ushuhuda wa uponyaji, ana haki ya kumshukuru Mola pamoja na mletaji, na papo hapo kumwuliza kama kidonge cha jana usiku amekimeza.